Besi Iliyokosekana Kitale

Okestra yetu ya Kitale haikuwa na besi. Ninaiita okestra kwa sababu ndivyo tulivyojiita wenyewe, na sioni haja ya kujishusha sasa. Tulikuwa na fidla za kutosha kujaza safu mbili, viola mbili zilizo kubwa kidogo kuliko fidla, filimbi, tarumbeta iliyokuja na kutoweka kulingana na zamu za kazi za mwenyewe, na sello moja. Sello ni ile fidla kubwa ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti, na yetu ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu aliyetoka Kamukuywa kila Jumamosi kuja mazoezini. Sote tulimwita Mwalimu. Ndiye aliyeianzisha okestra hiyo, ndiye aliyenifundisha kushika upinde nikiwa msichana wa shule, na chini ya sello yake hapakuwa na kitu chochote. Muziki wetu ulipendeza kuanzia kiunoni kwenda juu.

Besi kubwa ya kusimama haiuzwi katika duka lolote la Kitale, na hata ingeuzwa, hapakuwa na mtu wa kuipiga. Ndiyo maana, nikiwa nimevuka miaka arobaini, nilianza kuitafuta sauti hiyo ndani ya kompyuta. Ningependa kusema kwamba nilisukumwa na fikra pana kuhusu ndoa ya ala za okestra na sauti za umeme. Ukweli ni kwamba nilihitaji besi.

Shahada yangu ni ya muziki. Chuoni tulifunzwa kuandikia fidla na tarumbeta kwa makini sana, lakini chumba cha ala za umeme kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa likizoni daima. Nikahitimu, nikafundisha shule za upili, nikaongoza kwaya kwa noti za do, re, mi kama kila mtu anavyofanya huku kwetu, na kufuli ile ikabaki akilini mwangu bila kunisumbua sana. Ilipotokea kwaya moja ya Bungoma ikatualika tupige nayo katika ibada ya shukrani ya kanisa lao jipya, na kiongozi wao akaniomba niandike kipande kipya cha kuunganisha sauti zao na ala zetu, nilijua wakati umefika. Sikuwa na hofu. Nilikuwa nimesikiliza muziki kwa makini maisha yangu yote, na niliamini kwamba masikio yaliyofunzwa kwa ala moja yanaweza kufunzwa kwa nyingine.

Nyumba yangu iko Matisi, ng'ambo ya barabara kutoka kwa mashine ya kusaga unga. Niliweka kompyuta juu ya meza ya chakula, nikaunganisha kinanda kidogo cha umeme, nikavaa visikizi, nikaanza. Katika juma la kwanza nilitenda alivyotenda kila mtu aliyewahi kufunguliwa ghala: nilichukua vyote. Kompyuta ilikuwa na sauti zinazong'aa kama kioo, sauti zinazovimba kama maji, sauti zisizofanana na kitu chochote nilichokijua, nami nikazimwaga zote chini ya fidla. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alinivua visikizi kichwani, akasikiliza kidogo, akavirudisha.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni utangulizi."

"Ni kama mtu amemwagia hizo fidla uji. Tena uji bado iko na mabonge."

"Ni majaribio."

"Sawa. Si utoe tu kitu moja, uskie?"

Nilitoa moja. Kisha nikatoa nyingine, na nyingine, mpaka zikabaki sauti mbili tu za umeme, na hapo ndipo fidla ziliposikika tena kama fidla. Nilielewa jambo ambalo ningeweza kuwa nimelisoma mahali lakini sikulijua: kila sauti ina kimo chake, na sauti mbili zikisimama mahali pamoja, ile ya umeme humfunika binadamu kila mara, kwa sababu yenyewe haichoki. Basi nikaipa kompyuta, mashine yangu mpya, nafasi mbili tu, chini kabisa ambako hatukuwa na mtu, na juu kabisa, nyembamba, ambako fidla zetu hazikuthubutu kufika.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi. Upinde unapougusa uzi, noti haizaliwi papo hapo. Kuna mkwaruzo mdogo, kisha sauti inajaa. Noti ya kompyuta hutokea ikiwa kamili, kama taa inayowashwa. Zikianza pamoja, masikio hujua mara moja kwamba kuna mgeni. Nikajifunza kuichelewesha mashine ijae polepole, na kuifunza kuondoka polepole pia. Nikaenda kanisani tulikofanyia mazoezi, nikasimama katikati, nikapiga makofi, nikasikiliza jinsi mwangwi ulivyokawia chini ya mabati, kisha nikairudishia kompyuta mwangwi wa urefu uo huo. Mtunza kanisa akaniuliza kama nafukuza popo.

Na ile mashine ya kusaga, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikifunga madirisha kwa sababu yake, ikawa ala yangu ya kwanza halisi. Iliimba noti moja mchana kutwa. Mahindi yalipomiminwa ndani, noti iliinama kidogo kwa uzito, kisha ikarudi mahali pake. Nilivuka barabara na simu niliyoifunga kwa leso isiingie vumbi, nikairekodi katikati ya akina mama waliokuja na madebe yao. "Madam," akaniuliza mmoja wao, "unga ikianza kuimba bei itapanda?" Nilimwambia bei haikuwa mikononi mwangu. Nyumbani niliishusha sauti hiyo, nikaondoa makelele ya juu, ikabaki kama kitu kikubwa kinachopumua mbali. Nilijua nimeipata sakafu ya kipande changu.

Jumamosi iliyofuata nilibeba kompyuta na spika mbili hadi mazoezini, nikazipanga nyuma ya viola. Mwalimu alifanya alivyofanya kila Jumamosi. Aliketi kwenye kinanda cha kukanyaga, kile cha mbao chenye mivukuto, ambacho kimekaa kanisani humo tangu kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Akakanyaga mpaka kikajaa pumzi, akabonyeza noti ya la, nasi sote tukakaza na kulegeza nyuzi zetu mpaka tukaifikia la hiyo. Hapakuwa na namna nyingine ya kuanza. Simu zenye programu za kulinganisha sauti alikuwa amezipiga marufuku.

Nikawapa ishara, nikaiwasha besi, tukaanza.

Kilichotoka kilinitia ganzi ya meno. Kila fidla ilikuwa safi ikiwa na fidla mwenzake, na besi ilikuwa safi ikiwa peke yake, lakini vikikutana vilikwaruzana kama kucha kwenye bati. Niliwasimamisha.

"Tujaribu tena," nikasema. "Fidla, pandeni kidogo."

"Zipande ziende wapi?" Mwalimu aliuliza kutoka kitini pake. "Zimelingana na kinanda. Madam, hicho kisanduku chako kinaimbia puani." Aliniita Madam pale tu alipokuwa ameudhika, siku nyingine zote nilikuwa mwanangu.

"Kisanduku kiko sawa, Mwalimu."

Mpigaji wetu wa fidla ya kwanza, muuguzi asiyeweza kuacha kimya kikae, akainua upinde. "Lakini si hata simu yangu husema tuko chini? Kila wiki inasema. Mimi nikadhani iliharibika ile siku ilianguka kwa beseni ya kuoga watoto."

Watu walicheka, hata wa viola. Mwalimu hakucheka.

"Simu haijui kanisa hili," alisema. Kisha akanigeukia. "Na hiyo besi yako inapiga noti zangu."

"Iko chini yako, Mwalimu. Oktava nzima, noti nane."

"Inapiga noti zangu. Nikipiga do, inapiga do. Nikienda sol, inaenda sol. Sasa mimi ni wa nini?"

"Ni wa sello."

"Basi mwende Bungoma na kisanduku. Mimi nitakaa Kamukuywa na ng'ombe. Ng'ombe hawana spika."

Alilegeza upinde wake, akaufuta uzi mmoja mmoja kwa kitambaa kama alivyotufundisha sote, akafunga sanduku, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyo atarudi, bana. Ataenda wapi?" Lakini mimi nilimfahamu. Mtu huyu aliwahi kuiacha kwaya aliyoiongoza miaka mingi kwa sababu ya neno moja, na hakurudi.

Nitasema wazi kilichokuwa hatarini. Kipande kingeweza kupigwa Bungoma bila yeye; mashine ingeijaza nafasi yake vizuri kuliko alivyoijaza mwenyewe, na wageni wasingejua tofauti. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilitaka besi chini ya Mwalimu, si mahali pa Mwalimu, na kama sikuweza kuandika muziki ambamo tofauti hiyo inasikika, basi sikuwa nimejifunza kitu chochote katika miezi ile yote. Nilikuwa nimenunua tu spika.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda Matulo kwa mama yangu, kumsaidia kupukuchua mahindi. Tuliketi barazani na beseni katikati yetu. Mama alikuwa akiimba kwa kufumba midomo, kama afanyavyo akiwa na kazi mkononi, nami nikamsimulia kuhusu kinanda, kompyuta na ugomvi.

"Kwa hivyo hiyo kitu yako inakataa kulingana na watu?" aliuliza.

"Watu ndio hawalingani nayo, Mama."

"Ni kitu moja." Akaonyesha ukingo wa baraza kwa gunzi. "Khocha wako alikuwa anakaa hapo akija na litungu. Unakumbuka?"

Namkumbuka mjomba huyo, na nalikumbuka litungu lake, kinubi cha nyuzi saba ambacho Wabukusu hupiga kwenye harusi na sherehe. "Namkumbuka akipiga," nikasema.

"Wewe ulikuwa unakimbilia mandazi, hukuona vile anaanza. Hakuwa anapiga kwanza. Alikuwa anauliza, nani ataimba leo? Huyo mtu anaimba kidogo, hivi tu, na khocha wako anakaza nyuzi akimfuata koo. Mwimbaji akibadilishwa, anafungua nyuzi zote, anaanza tena. Watu wanapiga kelele, ati harusi itaisha! Yeye hajali. Anasema hawezi ambia koo ya mtu ipande kama kuku."

"Mashine yangu haina nyuzi za kukaza, Mama."

"Na masikio iko nayo?"

"Haina."

"Basi tumia yako. Nisukumie hiyo beseni."

Niliendelea kupukuchua, lakini mikono tu ndiyo iliyokuwa kazini. Jumatatu alasiri nilimwomba mtunza kanisa anifungulie. Niliketi kwenye kinanda cha kukanyaga, simu juu ya paja, nikakanyaga, nikabonyeza la. Simu ilisema alivyosema muuguzi. Kinanda kilikuwa chini, karibu robo nzima ya toni, yaani robo ya hatua ya kutoka do hadi re, na kilikuwa chini noti baada ya noti, kwa usawa, kama mtu anayetembea kwa heshima kwenye ngazi ya chini. Fidla zetu zilikuwa zimeshuka nacho. Kwaya ya kanisa ilikuwa imeshuka nacho. Kila wimbo wa sadaka, wa harusi na wa mazishi ulioimbwa ndani ya kuta hizo katika maisha yangu ulikuwa umeimbwa pale chini, na kwa kuwa hatukuwahi kupiga na mtu kutoka nje, hakuna aliyewahi kuona kasoro. Wala haikuwa kasoro. Tulikuwa tumekubaliana bila kuambiana.

Na mimi, msomi wa muziki, nilikuwa nimesimama mbele ya watu hao nikawaambia wapande wakaifuate mashine niliyoinunua juzi. Niligundua, na nilicheka peke yangu nilipogundua, kwamba ndani ya programu ya kompyuta kulikuwa na kisanduku kidogo chenye tarakimu ya kimo cha la, na kwamba tarakimu hiyo inaweza kubadilishwa. Nilikuwa nimekipita kila siku kama mtu anavyopita mlango asiouhitaji. Nikaishusha. Mashine nzima ikashuka pamoja, sauti zote, bila kulalamika. Mngurumo wa mashine ya kusaga niliushusha kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka ukakaa chini ya kinanda kama mkeka unavyokaa sakafuni.

Hata hivyo nilijua hilo ni nusu ya jambo. Mwalimu hakuwa ameondoka kwa sababu ya robo ya toni.

Nilimkuta Kamukuywa akiwanyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Hakuacha kunyunyiza.

"Madam amekuja."

"Nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya kisanduku."

"Kisanduku hakina mdomo?"

"Kina mdomo, hakina adabu. Mwalimu, kinanda cha kanisa kiko chini. Karibu robo ya toni."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unajua?"

"Nimejua tangu kabla hujashika fidla. Nilikuwa na uma wa chuma wa kupimia sauti. Nikaugonga siku ya kwanza, nikasikia."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Kinanda hakipandi. Kwaya ilikuwa imekizoea, wazee walikuwa wamekizoea. Nikaona ni rahisi kushusha fidla nne kuliko kupandisha kanisa." Akamzunguka ng'ombe, akaendelea upande wa pili, hivi kwamba nikawa naongea na mgongo wa mnyama. "Uma niliuweka kabatini. Ndiyo sababu sitaki simu."

"Basi Jumamosi hukuwa umekasirika kwa sababu ya la."

"Nani alisema ni la?"

Aliweka pampu chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akaninyooshea mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Cha nne kilikaa kimepinda hata alipokinyoosha.

"Huyu anafika akichelewa," alisema. "Asubuhi ya baridi hafiki kabisa. Mimi nasikia, hata kama nyinyi mna adabu ya kunyamaza. Sasa ukiweka besi chini yangu, inapiga kile napiga, haichelewi, haina baridi. Siku nikiinua upinde niache, nani atajua? Mtaendelea tu. Hata wewe, mwanangu, hutajua. Utasikia iko sawa."

Hilo ndilo lililokuwa swali lake, na lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni. Sikumjibu kwa maneno ya kumliwaza. Nilikuwa nimekuja na maikrofoni mkobani, na nilijua tayari nifanye nini.

"Nipe sello jioni moja," nikasema.

"Sello haitoki hapa."

"Basi isitoke, na wewe ndiye upige. Nitarekodi hapa hapa."

Tulirekodi sebuleni mwake, milango ikiwa imefungwa kwa ajili ya kuku, vitambaa vya viti vikimeza mwangwi. Nilimwomba apige noti ndefu, moja baada ya nyingine, kuanzia chini kwenda juu, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alilalamika, kisha akapiga. Kwenye noti moja kidole cha nne kilitambaa kabla ya kufika.

"Hiyo futa."

"Sifuti."

"Futa, bana! Watu wa Bungoma watasema nini?"

"Hawatasema kitu. Nitaishusha oktava nzima, hawatajua ni sello. Lakini itatembea kama wewe."

Hapo ndipo besi yetu ilipopatikana. Niliitupa ile ya kwanza, ile safi isiyokuwa ya mtu. Nilizichukua noti za Mwalimu, nikazishusha mpaka zikawa nzito kuliko ala yoyote aliyowahi kuipiga, nikaziongezea pumzi ya kinanda cha kukanyaga, niliyoirekodi kanisani, mwanzoni mwa kila moja, ule mlio mdogo wa mivukuto kabla ya sauti, na chini yake nikautandaza mngurumo wa mashine ya kusaga ya Matisi. Kisha nikafanya uamuzi ambao wajuzi wa kompyuta wangeuona wa kizamani. Sikuiacha mashine ijiendeshe. Kila noti ya besi ningeibonyeza mimi kwa kidole changu, na ningeibonyeza baada ya kuusikia upinde wa Mwalimu ukigusa uzi, kamwe si kabla. Akichelewa, besi ichelewe.

Nilirudi Kamukuywa kumweleza. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Na nisipopiga?"

"Hakuna besi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kwaya nzima ya Bungoma itakaa kimya ikikutazama."

"Wewe mtoto ni mbaya," alisema. Jumamosi iliyofuata alikuwa mazoezini kabla yetu, akikanyaga kinanda.

Bungoma tulifika mapema. Kanisa lao lilikuwa bado linanuka rangi, na kinanda chao cha umeme kilikuwa bado na karatasi ya nailoni kwenye kona. Mpigaji wake, mtumishi wa kaunti mwenye suti iliyonyooka, alinisikiliza kwa subira mpaka nilipofika kwenye kushuka.

"Ati tushuke? Keyboard yetu ni mpya, Madam. Iko sawa kabisa."

"Iko sawa. Sisi ndio tuko chini, na hatuwezi kupanda."

"Kwa nini hamwezi?"

Kabla sijajibu, Mwalimu alisema, "Kwa sababu kisanduku chake kimerekodi kinanda chetu, na kinanda chetu hakijui habari ya keyboard yenu." Alilitamka neno kisanduku kama mtu anayemtetea mkwe.

Tulitafuta pamoja katika kinanda chao mpaka tukapata mahali pa kubadilisha la. "Hii button mimi nilidhani ni ya mapambo," yule bwana alisema, akashusha. Kwaya ilijaribu ubeti mmoja. Akina mama wa sauti ya kwanza walitazamana wakatabasamu, na mmoja wao akauliza kwa nini hawakupewa sauti hii tangu zamani, maana ile noti ya juu ilikuwa ikiwatoa mishipa ya shingo.

Ibada ilikuwa ndefu, kama zinavyokuwa. Zamu yetu ilipofika, niliketi nyuma ya kompyuta, kidole kikiwa juu ya kitufe, macho yakiwa kwenye mkono wa kulia wa Mwalimu. Hakuharakisha. Alirekebisha kiti. Aliigusa miwani. Akauweka upinde kwenye uzi wa chini, na nilipousikia ule mkwaruzo wa kwanza, nikabonyeza.

Sakafu ilijaa. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Haikuwa sauti kubwa, lakini ilipita kwenye mabenchi, na nikawaona watu wakiweka viganja kwenye mbao zilizokuwa mbele yao. Fidla ziliingia juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu niijue okestra ile zilikuwa na mahali pa kusimama. Kidole cha nne kilichelewa, nami nikachelewa, fidla, zilizokuwa zikisikiliza, zikapanuka kidogo kutusubiri. Kwaya ilipokaribia kuingia, mngurumo wa mashine ya kusaga uliinama kama unavyoinama mahindi yakimiminwa, ukainuka, na sauti za watu zikainuka nao.

Kisha, katikati ya ubeti wa pili, Mwalimu aliinua upinde.

Hapakuwa na pumziko lililoandikwa pale. Kidole changu kilikuwa hewani, na nikakiacha hewani. Besi ikatoweka. Kwaya na fidla ziliendelea, lakini chini yao palikuwa wazi, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Vichwa viliinuka kanisa zima. Mtoto mmoja alisimama kwenye benchi kutazama. Mpigaji wa keyboard alinigeukia kwa hofu, akidhani umeme umekatika. Mwalimu alikuwa akinitazama juu ya miwani yake, upinde ukiwa kando, bila aibu yoyote, akinipima. Sikubonyeza. Nilikuwa na noti zake zote chini ya vidole vyangu, na ningeweza kuliziba pengo lile bila yeyote kujua. Nilimtazama nami.

Akaushusha upinde. Sauti ikarudi, nzito, ikiwa na mkwaruzo wake mwanzoni, na nikasikia watu wakitoa pumzi.

Baada ya ibada, wakati tukikunja nyaya, mama mmoja mzee mwenye kitambaa cheupe alikuja mpaka mahali tulipokuwa. Alizitazama spika, akaitazama kompyuta, akazitazama fidla zikirudishwa masandukuni.

"Ile sauti ya chini," aliuliza, "ile iliacha halafu ikarudi. Ilikuwa ya nani?"

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu kurekodi, na oktava, na kinanda, na mashine ya unga. Mwalimu alikuwa ameinama akifuta nyuzi kwa kitambaa chake, mmoja baada ya mwingine. Hakuinua kichwa.

"Yangu, mama," alisema. "Ilikuwa yangu."